Mkono wa Ngariba

Jumamosi, 9 Machi 1957

Vichwa tangu alfajiri. Watu wa harusi wote wanataka kunyolewa siku moja, na kila mmoja anataka awe wa kwanza. Kiti changu cha barazani hakikupoa. Adhuhuri nikafunga wembe, nikaenda kwa jirani yangu Mzee Athumani kusaidia kupasua kuni za pilau. Binti yake anaolewa kesho.

Kuni zenyewe ni mbao kuukuu za nyumba iliyobomolewa hapa hapa Majengo. Nilishika kishoka cha mkono mmoja. Ubao ulikuwa na msumari ndani, sikuuona. Kishoka kikagonga chuma, mpini ukanirudia kiganjani. Kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, chini kabisa karibu na kifundo cha mkono. Giza likanipita machoni. Sikusema kitu, wanaume wamesimama pale wananitazama. Nikapasua zilizobaki.

Jioni kiganja kimevimba. Zuhura kakikanda kwa maji ya moto na chumvi. Kauliza nimefanya nini. Nimemwambia kuni. Mke wangu huwa haridhiki na neno moja, lakini leo alikuwa na shughuli ya harusi akaniacha.

Jumanne, 12 Machi

Uvimbe umepungua. Maumivu yako pale pale. Nikishika wembe kwa ncha za vidole, sawa. Nikikamata kitu kwa nguvu, ndoo au komeo la mlango, ni kama mtu anapigilia msumari. Nimenyoa kama kawaida. Wateja hawajajua, wala hawana haja ya kujua.

Binti yangu Fatuma kaja kutoka Kaloleni na mwanawe Saidi. Mumewe, yule wa reli, amekubali: Saidi aingie jandoni likizo ya Agosti. Nitamtahiri mwenyewe. Nimewatahiri watoto wa mtaa huu na baadhi ya baba zao, lakini mjukuu wangu mwenyewe bado. Hii ndiyo kazi niliyokuwa nikiingojea. Nina furaha na sioni kwa nini niifiche hapa.

Saidi ameniuliza kama kisu ni kikubwa. Nimemwambia ni kidogo kuliko cha bibi yake cha vitunguu. Alikwenda jikoni kukitazama hicho cha vitunguu, akarudi akakaa mbali nami.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Kombo, mkandaji. Mtu wa makamo yangu, vidole vyake vigumu kama mizizi. Kapaka mafuta ya simsim, akasema mshipa umehama, akaanza kuurudisha. Jasho lilinitoka hadi mgongoni. Nilimtazama usoni muda wote na kuzungumza naye habari za bei ya ng'ombe. Mimi nimewaambia watoto wa watu wasilie, siwezi kulia mbele ya Kombo.

Ameniambia nirudi kesho na keshokutwa.

Ijumaa, 22 Machi

Kombo ameukanda mkono karibu kila siku na unazidi kuwa mbaya. Yeye anasema mshipa ni mkaidi.

Sijda ndiyo mbaya kuliko yote. Ukiweka viganja chini, uzito unaangukia pale pale. Leo msikitini nilisujudu kwa mkono mmoja na nusu. Najua Mungu ameona. Nadhani na Athumani ameona.

Na jambo jipya: kidole kidogo na mwenzake wa pete vinakufa ganzi. Asubuhi vinawasha kama nimelalia mkono, mchana havina habari.

Kidole kidogo. Mtu asiye fundi atasema si kitu. Lakini mimi wakati wa kutahiri, vidole vingine vikishika kisu, hicho kidogo hukaa juu ya paja la mtoto. Ndicho kinachoniambia. Mtoto akitaka kuruka, paja huanza kabla yake, na kidole hujua, na kisu hungoja. Hivyo ndivyo alivyonifundisha marehemu baba. Sijawahi kumkata mtoto vibaya, na sababu ni hiyo. Bila kidole hicho nakata gizani.

Jumanne, 26 Machi

Nimemkata Hamisi nyuma ya sikio. Hamisi muuza mkaa, mteja wangu tangu hajaota ndevu. Wembe uliteleza mkononi. Mkwaruzo tu, lakini damu ilishuka mpaka kwenye kola.

"Mzee Kassim," akasema, "leo umeamua kunitahiri sikio?"

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka. Kisha nikafunga mapema nikisema nina mafua.

Zuhura anasema niende hospitali. Nimesema nitakwenda. Amesema, "Lini?" Nimesema kesho. Amesema kesho ina saa ngapi. Huyu mwanamke angefaa kuwa karani wa mahakama.

Alhamisi, 28 Machi

Hospitali. Nimekwenda kwa miguu. Njiani askari wa hii Hali ya Hatari wamenisimamisha mara mbili kutazama karatasi zangu, nazo ziko sawa, lakini ni lazima uzitoe kwa mkono na uzipokee kwa mkono. Nilitumia wa kushoto, askari akanitazama kama nimemtukana.

Foleni ndefu. Mwisho nikaingia kwa daktari wa mifupa, Mhindi kijana, Daktari Mehta. Mpole, macho yamechoka. Nilimweleza habari ya kishoka. Akaamuru picha ya eksirei, mkono umelazwa juu ya sahani. Kisha akaanza kubonyeza.

"Hapa iko na maumivu?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Kidogo."

Alipofika pale penyewe moyo ulinisimama. Nikasema kidogo. Sauti yangu ilikuwa ile ile. Akanipa vidole vyake viwili nivibane, nikavibana kwa nguvu zangu zote hata akatabasamu. Nilijivunia. Ngariba hakunji uso, wala hatoi sauti mbele ya mtu mwenye mkono juu yake. Ukiona ngariba anakunja uso, watoto wote wa mtaa watakimbia.

Picha haina kitu. Mifupa mizima, amesema. Ni mshtuko wa nyama. Kanifunga bendeji, kanipa vidonge, kaniaga kwa heshima. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira. Watu wamesomea miaka mingi wanakuambia huna kitu.

Alhamisi, 18 Aprili

Ramadhani. Mchana hakuna watu wa kunyoa, kila mtu kalala. Afadhali.

Magharibi, wakati wa kufuturu, kikombe cha uji kimenitoka mkononi mbele ya wageni. Nilikuwa nimekishika, nilikiona nimekishika, kisha kikawa chini. Athumani akasema swaumu imenishika. Wote wakaitikia. Zuhura alifuta sakafu bila kusema neno, na kwake hilo ni neno kubwa.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba mmoja wa Shauri Moyo kaja kuweka siku. Ana watoto wawili, anataka watahiriwe baada ya Idi. Nikamtazama, nikamwambia mkubwa ana rangi ya homa, asubiri kwanza. Mtoto mwenyewe alikuwa anaruka ukuta nyuma yetu.

Nimesikia jioni amekwenda kwa Makame wa Kariokor.

Makame! Yule mkono wake mzito. Ananoa kisu kama anatayarisha kuchinja. Nimesema hivyo barazani miaka yote na watu wakacheka miaka yote. Leo sikusema kitu. Nimeona wivu mpaka futari haikushuka.

Ijumaa, 3 Mei

Idi imepita. Pilau, kanzu mpya, watoto na peremende. Saidi alikuja kuniamkia, akanishika mkono wa kulia kunibusu na nikauvuta. Sikukusudia. Alifikiri amekosa.

Leo nyumba ilikuwa tupu, wote wamekwenda matembezini. Nikatoa kisu changu sandukuni. Nikachukua nyanya iliyoiva nikajaribu kuimenya ile ngozi ya juu, nyembamba, bila kugusa nyama. Zamani nilikuwa naifanya huku nazungumza. Kisu kilizama mara tatu. Ya nne nikaiponda nyanya kwa hasira nikaitupia kuku.

Nimeogopa. Sikumbuki kuwahi kuliandika neno hilo juu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kuandikwa yote.

Zuhura alivaa buibui tangu alfajiri akasema tunakwenda wote. Nilisema mwanamume hapelekwi hospitali na mkewe. Akasema basi yeye ndiye anayeumwa, mimi ndiye ninayempeleka. Tukaenda.

Daktari Mehta alinikumbuka. Akaanza tena kubonyeza, hapa, na hapa, na mimi kidogo, kidogo. Alikuwa anakaribia kuachia mkono. Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani. Akasema:

"Daktari, samahani. Huyu mume wangu ni ngariba. Uso wake hauambii kitu. Bonyeza tena, lakini usimtazame uso. Mtazame vidole vya miguu."

Nilitaka sakafu inimeze. Daktari akacheka kidogo, kisha akaona Zuhura hacheki. Akabonyeza huku ameinamisha kichwa kunitazama vidole kwenye makubazi yangu ya ngozi. Juu ya kifundo, kimya. Chini ya kidole gumba, kimya. Kisha pale, kwenye nyama ya kiganja chini ya kidole kidogo. Vidole vyangu vya miguu vikajikunja vyote kumi. Viliniasi. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, na mimi sikuwa najua kuwa navikunja. Yeye alikuwa anajua.

Daktari alibadilika palepale. Akarudia mara moja tu, taratibu, kwa ncha ya kidole kimoja, miguu ikajibu tena. Akaniambia nibane vidole vyake na safari hii akasema, "Mzee, mimi si mtoto wa jando. Sema kweli." Nikamwambia kweli. Nilimwambia yote, na ganzi, na kikombe, na sijda. Ilichukua muda mrefu. Akauliza nani ameukanda mkono huu. Zuhura akajibu: "Kombo, wa nyuma ya msikiti." Akataja na jina la baba yake Kombo, kama kwamba daktari anamjua.

Akataka picha nyingine. Si ya mkono uliolala. Walinifanya niweke mkono juu ya sahani, kisha nivute vidole nyuma kwa mkono wa pili mpaka kiganja kisimame, na mashine ikapiga kutoka upande wa vidole, kupitia ndani ya kiganja kuelekea kifundo. Iliuma hasa. Nilitoa sauti. Hakuna aliyekimbia.

Picha ilipokuja, daktari aliiweka kwenye taa akaisogelea. Kisha akamwita mkubwa wake, Mzungu mrefu mwenye mvi, naye akaisogelea pia. Nikajua wameona kitu.

Alinieleza hivi. Kifundo cha mkono kina vifupa vidogo vinane, vimepangwa kama kokoto. Kimoja kati ya hivyo, upande wa kidole kidogo, kina kijino kilichopinda, kama ndoana. Ile ndoana imevunjika pale kwenye shina. Picha ya mkono uliolala haiwezi kuionyesha, kwa sababu inajificha juu ya mfupa wake. Mpini wa kishoka hukaa palepale juu yake. Mshipa wa fahamu wa kile kidole kidogo unapita ubavuni mwake, na kano zinazokunja vidole zinapita ubavu wa pili. Kila nikikamata kitu, ile ndoana inatikisika na kusugua.

"Hii nimesoma kitabuni tu," akasema. "Kwa mkono wa mtu, ya kwanza wewe."

Nilitaka kumwambia ningependa awe ameziona mia.

Jumatatu, 13 Mei

Nimerudi hospitali kusikia uamuzi wao. Daktari anasema kama ningekuja mapema na kusema ukweli, pengine plasta peke yake ingetosha. Sasa imechelewa, mfupa hauwezi kushikana tena. Nikiuacha, kano ya kidole kidogo itasugulika mpaka ikatike, kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Anataka kufungua kiganja akitoe kile kipande chote. Mkono utapata nguvu zake. Nimemuuliza juu ya ganzi. Akanijibu akinitazama machoni, na nilimheshimu kwa hilo.

"Pengine itaondoka. Pengine itabaki. Mshipa umesuguliwa muda mrefu. Hapo mimi siwezi kuahidi, mzee."

Nikamwambia kazi yangu ni ipi, na kidole kile kinafanya nini juu ya paja la mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza maswali mawili juu ya jinsi ninavyoshika kisu, na nikamwonyesha kwa kalamu yake.

Kombo kapata habari. Kasema barazani kuwa mkono uliotiwa chuma hauponi, na kwamba alikuwa amebakiza siku chache tu mshipa urudi. Alikanda kwa nia njema, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia mkono unapona.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekubali. Kesho naingia wodini, Jumatano kisu.

Sitaki kukatwa. Naona haya hata kuandika. Wangapi nimewakalisha kwenye kinu kilichopinduliwa nikawaambia ni kitu kidogo tu?

Ijumaa, 24 Mei

Naandika kwa kushoto. Herufi za mtoto wa darasa la kwanza. Maneno machache.

Jumatano asubuhi walinisukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Taa kubwa. Daktari Mehta amefunika uso, namjua kwa macho. Akaniambia, "Usiogope, mzee." Maneno yangu yale yale. Hayasaidii kitu. Dawa ya usingizi ilinuka vibaya. Nikasoma shahada. Basi.

Kuamka. Kutapika. Mkono umefungwa mzito kama mtoto.

Jana daktari alileta kipande chenyewe kwenye pamba. Punje ya mbaazi, haizidi. Cheupe, upande mmoja kimesuguliwa laini. Kimenisumbua kiasi hicho! Anasema kano moja ilikuwa imeanza kuchakaa, na mshipa wa fahamu ulikuwa mwekundu na umevimba, lakini haukukatika. Nikakiomba. Alishangaa. Nikamweleza kuwa kipande cha mwili kinazikwa, na kwamba mimi nimezika vya watoto wa watu miaka yote. Akanipa.

Zuhura kakizika uani, nyuma ya jiko. Anasema alikisomea.

Jumapili, 2 Juni

Nyumbani. Plasta kutoka kwenye vidole mpaka nusu ya mkono. Zuhura ananilisha, kwa sababu sitaki kula kwa kushoto mbele ya watu. Ananitia matonge makubwa makusudi. Udhu napaka maji juu ya bendeji, imamu kasema inatosha.

Hamisi ameanza kunyolewa Gikomba. Anakuja kuniambia jinsi anavyonyolewa vibaya. Nimemwambia ndivyo anavyostahili.

Alhamisi, 20 Juni

Plasta imetoka, nyuzi zimetoka. Kovu ni mstari mwembamba uliopinda kando ya kiganja. Fundi safi. Nimelitazama kwa jicho la kazi na sina la kusema. Mkono umekonda, umekuwa mweupe kama wa mgonjwa. Anataka nikamue kitambaa kilicholowa maji kila siku.

Nakamua. Zuhura amefurahi, nguo zote za nyumba zinakamuliwa na mimi.

Alhamisi, 11 Julai

Maumivu yamekwisha. Naandika tena: yamekwisha. Leo nimebeba ndoo mbili kutoka bombani, nimefunga komeo, nimesujudu kwa viganja viwili na nikakaa chini muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nimelia kidogo pale chini. Hakuna aliyeona ila mwenyewe Mola.

Kidole cha pete nacho kimerudi. Nikikigusa nasikia.

Kidogo bado.

Jumamosi, 20 Julai

Nimefungua kiti. Hamisi wa kwanza, kasema ameleta sikio la pili. Nimemnyoa safi, bila mkwaruzo. Baraza limejaa hata watu wasiotaka kunyolewa. Athumani kapita akasema kwa sauti, "Ngariba wetu amerudi!" Wakanipongeza. Wanauliza Agosti ni siku gani. Fatuma kanunua kitambaa cha kanzu ya mtoto.

Nikawaambia Insha'Allah.

Alhamisi, 1 Agosti

Daktari Mehta amenipima. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanigusa vidole kwa sindano, mimi niseme kila ninaposikia. Cha pete, nasikia. Cha kati, nasikia. Kisha nikangoja. Nikaendelea kungoja. Nikauliza, "Umeanza?" Akasema amekwisha.

Safari hii sikusema kidogo. Nilisema sisikii kabisa.

Ameniambia mshipa wa fahamu hurudi polepole, pengine mwakani, pengine hapana. Anasema upasuaji umefaulu, na kweli umefaulu. Nguvu ninazo, kazi ya wembe ninayo, maumivu sina. Alisikitika. Akasema, "Lakini ile kazi nyingine, mzee, wewe jua mwenyewe." Tumepeana mikono kama mafundi.

Jumapili, 4 Agosti

Saidi kalala kwetu. Jumamosi ijayo ndiyo siku.

Hakuna anayejua kuwa kidole bado kimekufa ila mimi na daktari. Zuhura nafikiri anajua, lakini amesubiri niseme. Mkono unaonekana mzima. Kisu nakishika imara, nyanya naimenya. Ningeweza kumtahiri na yumkini yote yangekwenda sawa, kama mara nyingine zote. Yumkini.

Alasiri nilimkalisha mtoto kwenye mkeka. Nikaweka mkono juu ya paja lake, kidole kidogo mahali pake, kalamu badala ya kisu. Nikafumba macho. Nikamwambia aruke wakati wowote anaotaka. Akaruka, na nikajua alipokwisha kuruka. Tena, vilevile. Alidhani ni mchezo, akacheka sana. Tukacheza mpaka akachoka, na hakuna hata mara moja niliyojua kabla.

Nilipofumbua macho, kalamu ilikuwa imemchora mstari mrefu pajani.

Jumatatu, 5 Agosti

Kariokor. Nilizunguka nyumba ya Makame mara mbili kabla ya kupiga hodi. Aliponiona alisimama. Alijua nimemsema miaka yote, Nairobi ni ndogo.

Nilimwambia bila kuzunguka. Mkono wangu umepona lakini kidole kimekufa. Nataka umtahiri mjukuu wangu.

Nilikuwa tayari kwa kejeli. Nilikuwa nimepanga hata majibu. Makame akaagiza kahawa. Akakaa. Akanitazama mkono, akaugeuza, akaona kovu.

"Ndicho cha pajani?" akauliza.

Nikasema ndicho. Sikujua kuwa naye anakitumia hivyo hivyo. Hatukuwahi kuzungumza kazi, sisi wawili.

Akasema, "Kisu changu. Lakini mtoto utampakata wewe. Mimi simtahiri mjukuu wa Kassim akiwa amepakatwa na mtu mwingine."

Tulikunywa kahawa. Nimerudi nyumbani nikamwambia Zuhura, kisha Fatuma. Fatuma alilia. Zuhura akasema vizuri, akarudi jikoni. Baadaye alinilalia begani muda mrefu.

Barazani sijui watasema nini. Waseme.

Jumamosi, 10 Agosti

Imekwisha. Saidi amelala, shuka imening'inizwa ili isimguse. Nje wanawake wanaimba, wali unanukia.

Nilikaa juu ya kinu, Saidi mapajani, mgongo wake kifuani kwangu. Mkono wa kushoto nilimfunika macho. Wa kulia niliuzungusha tumboni kwake, nikamkumbatia. Una nguvu za kutosha kwa hilo. Nilisikia moyo wake unapiga kupitia mgongoni.

Makame alipiga magoti. Nilimtazama kidole chake kidogo kikishuka na kutulia pajani. Akangoja. Akaendelea kungoja, na nikaona paja likitikisika na kutulia, na yeye bado anangoja. Kisha ikawa imekwisha. Mkono wake si mzito. Nimekuwa mwongo miaka mingi.

Saidi hakulia sana. Alipochukuliwa na baba yake hakutaka kuniachia, na watu wakacheka. Nikatazama chini kuona amenishika wapi. Alikuwa amekikamata kidole changu kidogo cha kulia kwa mkono wake wote, kucha zimezama nyamani, damu inatoka. Sijui alikishika tangu lini. Nikawaambia wamngoje, wasimvute.